Bei ya kusanifu nyumba ya kuishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na vijana waliomaliza usanifu majengo, mafundi mchundo wanaochora, na wapambaji wa ndani walioanza kupokea wateja wao wenyewe hapa Tanzania. Tumeanza na ya msingi, na yenye matatizo yake maalumu yako mwishoni. Kiasi cha fedha kilichotajwa ni cha mfano wa hesabu tu, kwa hiyo kaa na kalamu uweke chako. Jibu likigusa swali jingine, namba ya swali hilo imetajwa.

## Misingi

1. Mteja amepiga simu: "Kaka, ramani ya vyumba vitatu bei gani?" Nimjibu nini?

Usimtajie bei ya mwisho, lakini usimwache hewani pia. Hapa Dar es Salaam, vyumba vitatu vinaweza kuwa mita za mraba 80 kule Chanika, na vinaweza kuwa 240 kule Mbweni vikiwa na gereji na veranda ya kuzunguka. Muulize mambo manne. Kiwanja kiko wapi, na kimepimwa? Ni nyumba ya chini au ghorofa? Michoro anaitaka kwa ajili ya kibali tu au ya kujengea mpaka mwisho? Na nani atasimamia mafundi?

Kisha mpe bei ya kuanzia: "Mama, nyumba za ukubwa huo kwangu huanzia kiasi fulani. Nikiona kiwanja nitakuandikia bei kamili." Mtu anayepanga bajeti ana haki ya kujua kama mnazungumzia laki au mamilioni. Ukimnyima hata hilo, ataenda kwa anayejibu haraka.

2. Mtandaoni kuna ramani za laki mbili, laki tatu. Mimi nitaombaje milioni?

Anayeuza ramani ya laki mbili anauza mchoro uliokwisha chorwa, na anaweza kuuuza tena kesho kwa mtu mwingine. Hana haja ya kujua kiwanja chako. Wewe unauza maamuzi yanayohusu kiwanja kimoja na familia moja.

Mweleze mteja kwa mambo anayoyaona. Dar es Salaam jua la alasiri hupiga ukuta wa magharibi, na chumba cha kulala kilichowekwa upande huo hubaki na joto hadi usiku. Pwani upepo wa kaskazi huja kati ya Desemba na Machi kutoka kaskazini mashariki, kisha kusi huvuma kutoka kusini. Madirisha yakikaa pande hizo na hewa ikapata njia ya kutokea, umeme wa kiyoyozi unapungua kwa miaka yote ya nyumba. Udongo wa mbuga huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na msingi wa kawaida juu yake hupasua kuta. Kiwanja chenye mteremko kikipewa ramani ya tambarare, hela inazikwa kwenye kifusi na mawe kabla ukuta haujaanza. Hayo yote ramani ya mtandaoni haiwezi kuyajua. Kama mteja amekwisha inunua, soma swali la 14.

3. Basi bei yangu ianzie wapi?

Ianzie kwenye saa zako. Si kwa bei ya mwenzako, si kwa idadi ya vyumba, wala si kwa gari alilokuja nalo mteja.

Orodhesha gharama zako za mwezi. Tuseme unataka kujilipa mshahara wa 1,500,000. Pango la ofisi 300,000, umeme na intaneti 150,000, leseni za programu na akiba ya kompyuta ijayo 200,000, usafiri 250,000, ada za usajili, mafunzo na uchapishaji 100,000. Jumla 2,500,000.

Sasa saa. Siku 22 kwa saa 8 ni saa 176, lakini si zote zinalipwa na mteja. Kuna foleni za halmashauri, simu za watu wanaoulizia tu, kufuata madeni na kujifunza programu mpya. Ukibaki na saa 100 zinazolipika, hujafanya vibaya. Gawanya 2,500,000 kwa 100, utapata 25,000 kwa saa. Hiyo ni gharama tupu. Ongeza asilimia 20 kwa faida na miezi isiyo na kazi, inakuwa 30,000.

Ipeleke hesabu hiyo kwenye nyumba ya chini ya vyumba vitatu, mita za mraba 110. Mazungumzo na kuona kiwanja saa 8, michoro ya awali 16, marekebisho 10, michoro ya kibali 30, michoro ya kujengea pamoja na milango, madirisha, umeme na maji 26, kutembelea saiti 10. Jumla saa 100, yaani 3,000,000.

Wengi wakifika hapa hushtuka na kusema mteja wao hana zaidi ya laki tano. Inawezekana kabisa, na jibu lipo kwenye hesabu ile ile: laki tano ni saa 16 na dakika 40. Mpe kazi ya saa hizo. Mwoneshe namna ya kuikalisha nyumba kwenye kiwanja, mpe ramani ya sakafu iliyofikiriwa vizuri, na umwandikie wazi kwamba mengine hayamo. Bajeti ikiwa ndogo, punguza kazi. Usipunguze thamani ya saa yako. Kinachowaua vijana wengi ni kuchukua laki tano na kufanya kazi ya saa mia, kisha kumkimbia mteja simu zikizidi. Mteja huyo naye anaumia, maana fundi amesimama saiti akisubiri kipimo ambacho hakuna wa kukitoa.

4. Lazima niwe nimesajiliwa ndipo nitoze?

Kutoa huduma kama mbunifu majengo kunasimamiwa na Sheria ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi Na. 4 ya mwaka 2010, chini ya bodi inayojulikana kwa kifupi chake, AQRB. Kama bado hujasajiliwa, fanya kazi chini ya kampuni au mtaalamu aliyesajiliwa, na muda wake wa kukagua michoro yako uuingize kwenye bei tangu mwanzo. Usijitambulishe kwa cheo ambacho huna. Wahandisi wana bodi yao, ERB, na makandarasi yao, CRB. Kuhusu wanaotaka mhuri wa mtaalamu aliyesajiliwa peke yake, soma swali la 16.

## Njia za kutoza

5. Nitoze asilimia ya gharama za ujenzi?

Kwa majengo makubwa yenye mkandarasi na mkataba, njia hii ina mantiki, na ndiyo iliyozoeleka. Kenya hata viwango vya ada vimeandikwa kwenye kanuni zilizo chini ya sheria ya taaluma, Sura ya 525.

Kwa nyumba ya mtu binafsi hapa kwetu inaleta ugomvi. Watu wengi hujenga mdogo mdogo. Mwaka huu msingi, mwakani boma, kupaua kukisubiri mkopo au mavuno. Mteja ananunua saruji na nondo mwenyewe na kumlipa fundi kwa hatua. Gharama kamili hakuna anayeijua mpaka nyumba iishe, na pengine hata hapo. Utadai asilimia ya kitu gani? Isitoshe, ukimshauri mteja kitu kitakachompunguzia gharama, malipo yako yanashuka. Si haki kujiweka katika hali ambayo ushauri mzuri unakutoa hela mfukoni.

Itumie asilimia kwa kujikagua. Tuseme mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa kukadiria gharama za ujenzi, ameweka 700,000 kwa mita ya mraba kwa ile nyumba ya swali la 3. Ujenzi ni 77,000,000, na ada yako ya 3,000,000 ni kama asilimia 3.9. Namba hiyo itakusaidia kumwonesha mteja kwamba anayefikiria nyumba yake nzima anachukua sehemu ndogo sana ya fedha yote. Ukilazimika kutoza kwa asilimia, funga hesabu kwenye makadirio mliyokubaliana siku ya kusaini, nyumba ijengwe kwa bei yoyote ile.

6. Na bei ya mita ya mraba?

Ni nyepesi kueleza, na wateja wanaielewa. Kwa mfano wetu, 3,000,000 kwa mita 110 ni kama 27,300 kwa mita. Andika tu mnapimaje: nje ya kuta au ndani, veranda imo au haimo, gereji je, ngazi za ghorofa zinahesabiwa mara ngapi. Nyumba ndogo huumiza kwa njia hii, kwa sababu jiko, bafu na choo ndivyo vinavyokula muda, navyo vimo hata kwenye nyumba ya mita 60. Weka kiwango cha chini ambacho hushuki.

7. Bei kamili au bei ya saa?

Bei kamili kwa hatua zinazojulikana, bei ya saa kwa zisizojulikana. Kusanifu nyumba mpya kwenye kiwanja kitupu kunatabirika. Ushauri, ukarabati, kutatua ugomvi wa fundi na mteja, na mabadiliko baada ya kukubaliana havitabiriki. Mtajie mteja bei ya saa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, hata kama hamtaitumia.

## Kilichomo na kisichomo

8. Michoro gani iwe ndani ya bei?

Ile uliyoiandika. Kwa nyumba ya chini, kawaida ni mpangilio wa kiwanja, ramani ya sakafu, mikato miwili, mionekano minne, paa, na jedwali la milango na madirisha. Umeme, maji safi, maji taka na shimo la choo vitaje kwa majina yao, viwe vimo au havimo. Picha za 3D nazo zitaje, zina idadi gani na za pande zipi. Mteja aliyeona picha nzuri simuni huamini zinakuja na kila ramani.

9. Mhandisi, mkadiriaji, kibali: nani analipa?

Mteja, na kwa mistari inayojitegemea. Ukijumlisha ada ya mhandisi wa ghorofa ndani ya bei yako, siku bei yake ikipanda utaifidia wewe. Ada ya kibali cha ujenzi inalipwa halmashauri kwa namba ya malipo ya serikali. Isipite kwenye simu yako. Vivyo hivyo upimaji wa udongo na kurudishia mawe ya mipaka. Ukiombwa kuratibu watu hao wote, toza saa zako za kuratibu.

10. Marekebisho yawe mangapi?

Awamu mbili kwenye michoro ya awali zinatosha nyumba nyingi. Baada ya hapo ni bei ya saa. Tenganisha marekebisho na mabadiliko: kusogeza mlango wa stoo ni rekebisho, lakini kuongeza ghorofa ni kazi mpya yenye bei mpya.

Sababu kubwa ya kuchora upya ni mwenye uamuzi ambaye hakuwepo. Bwana anakuja ofisini peke yake, mnakubaliana kila kitu, kisha bibi anaona jiko linatazama sebule ya wageni na kazi inaanza upya. Au mama mzazi anayehamia hapo hawezi kupanda ngazi, na hakuna aliyemtaja. Kikao cha kwanza wawepo wote watakaokaa kwenye nyumba na wanaotoa fedha. Asiyeweza kufika apigiwe simu mkiwa mezani.

11. Kutembelea saiti kumo?

Kuwemo kwa idadi, kusiwemo kwa maneno ya jumla kama "usimamizi". Ziara tano zenye manufaa makubwa ni wakati wa kuweka vipimo vya msingi ardhini, kabla ya kumwaga jamvi, kwenye lenta, wakati wa kupaua, na mwanzo wa finishing. Eleza kwamba unakuja kuangalia kama ramani inafuatwa. Kuhesabu mifuko ya saruji na kulinda nondo ni kazi ya mtu mwingine. Nauli ya nje ya mji iandikwe peke yake.

## Malipo

12. Nichukue malipo ya awali kiasi gani, na ndugu nimfanyeje?

Mgawanyo unaofaa ni asilimia 30 wakati wa kusaini, 30 michoro ya awali ikikubaliwa, 30 kabla ya kukabidhi michoro ya kibali, na 10 iliyobaki igawanywe kwenye ziara za saiti. Kwa mfano wetu ni 900,000 mara tatu na 300,000. Usianze kuchora kabla ya fungu la kwanza, hata kama mteja ni mtu mkubwa mwenye maneno mazuri. Michoro ya kujadili ipelekwe ikiwa na jina la mradi na neno "rasimu" katikati ya karatasi.

Ndugu, shemeji na rafiki wa msikitini au kanisani mwandikie ankara ya bei kamili, kisha mstari wa chini uandike punguzo. Ajue umempa nini. Kazi ya bure isiyoandikwa humfanya aone unachelewesha kwa kusudi, na undugu wenyewe unaharibika. Kama ni zawadi, iwe zawadi yenye mipaka: "Shemeji, nitakupa ramani ya sakafu. Mengine tutaandikiana."

13. VAT na kodi ya zuio zinaingiaje?

Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni asilimia 18, na watoa huduma za kitaalamu hutakiwa kujisajili VAT bila kujali mauzo yao ni kiasi gani. Kwa hiyo andika kama bei yako ina VAT au haina. Ada ya 3,000,000 isiyo na VAT, kwa kiwango hicho cha asilimia 18, inakuwa 3,540,000 kwa mteja, na akishtuka siku ya ankara kosa si lake.

Mteja akiwa kampuni, atakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada ya huduma, hapa 150,000, na akupe cheti chake. Hiyo ni kodi yako iliyolipwa mapema, itunze karatasi. Mwenye nyumba binafsi anayejijengea makazi kwa kawaida hakati.

## Hali zisizo za kawaida

14. Mteja ana ramani ya mtandaoni na anataka "niirekebishe kidogo".

Toza saa za kuichora upya, maana mara nyingi utapewa picha tu isiyo na vipimo vinavyolingana. Kabla ya hapo muulize ameipata wapi na kama ana ruhusa ya kuitumia. Ukishabadilisha na kuweka jina lako, makosa yote yaliyomo ni yako, hata yale uliyoyakuta.

15. Mteja yuko nje ya nchi, Muscat (Omani) au Minneapolis (Marekani). Nimtoze zaidi?

Kwa uraia wa pochi yake, hapana. Kwa kazi inayoongezeka, ndiyo. Minneapolis iko nyuma yetu kwa saa nane au tisa, kwa hiyo vikao ni vya usiku. Atahitaji picha na video za saiti, na mara nyingi atataka ziara nyingi zaidi kwa sababu hana macho mengine ya kuaminika. Hizo ni saa halisi, zihesabu. Bei itaje kwa shilingi: kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinazuia kutaja na kudai bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi.

Kama ndugu yake ndiye anayepokea fedha za ujenzi, kaa mbali na fedha hizo kabisa. Wewe andika taarifa ya ulichokiona na tarehe, umtumie mwenye nyumba moja kwa moja.

16. Nimeombwa mhuri tu kwenye michoro ya mtu mwingine. Bei gani?

Hakuna bei. Kuna ada ya kukagua, na inaweza kuishia kwa wewe kukataa kupiga mhuri. Hesabu saa za kusoma michoro, kwenda kiwanjani na kuandika makosa, ulipwe hizo iwe umepiga mhuri au hujapiga. Anayelipa elfu hamsini ili usiangalie anakuomba ubebe dhamana ya watu watakaolala chini ya lile zege.

17. Boma limesimama miaka minne, mteja amerudi. Bei ya zamani bado ipo?

Mkataba useme bei inadumu muda gani. Miezi 12 inatosha. Akirudi baada ya hapo, tozea ziara ya kukagua kilichojengwa kabla ya kingine chochote. Mara nyingi fundi alihamisha ukuta, na nondo zilizoachwa wazi zimekula kutu. Kibali nacho kinaweza kuwa kimeisha muda.

18. Ukarabati wa nyumba ya zamani, mfano Mji Mkongwe wa Zanzibar?

Bei ya mita ya mraba itakutoa machozi hapo. Gawa kazi mara mbili: kwanza kupima na kuchora nyumba ilivyo, kwa saa, kisha usanifu, ukishajua unachokishika. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazinyooki, na vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita tatu hivi. Plasta ya saruji juu ya kuta hizo hufungia unyevu ndani, kwa hiyo utahitaji fundi wa chokaa na muda wa kumwelekeza. Mji huo uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na mabadiliko yanahitaji idhini ya mamlaka inayouhifadhi. Weka saa za vikao hivyo kwenye bei.

19. Duka la vigae linanipa kamisheni nikipeleka wateja. Nichukue?

Wapambaji wa ndani huulizwa hili zaidi. Chagua njia moja na umwambie mteja: unalipwa ada ya usanifu na punguzo la duka ni lake, au unanunua na kumuuzia kwa bei yenye faida iliyoandikwa. Kamisheni ya siri haifai hata kidogo. Mteja amekuajiri umchagulie kilicho bora kwake, na ukilipwa na muuzaji bila yeye kujua, hawezi tena kuamini hata rangi ya ukuta uliyompa kwa nia njema.

20. Mteja anataka kujenga nyumba ile ile tena, au anauza na mnunuzi anataka michoro.

Michoro ya majengo inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999. Ada ya kwanza imelipia nyumba moja kwenye kiwanja kimoja, na mkataba wako useme hivyo kwa maneno mepesi. Nyumba ya pili kwenye kiwanja kingine ina gharama ya kuikalisha upya (angalia swali la 2) pamoja na ada ya matumizi. Kwa mwekezaji wa nyumba kumi zinazofanana, bei kamili ya ya kwanza na kiasi kidogo kwa kila inayofuata ni mpango ambao wengi hukubaliana nao bila shida.

Mnunuzi wa nyumba iliyokwisha kujengwa mpe nakala kwa gharama ya kuchapisha, mwenye nyumba wa kwanza akikubali. Anazihitaji ajue mabomba na nyaya zimepita wapi. Faili zenyewe za programu ya kuchorea usizitoe, PDF inamtosha. Akitaka kuongeza chumba, mnaanza upya kwa utaratibu wa swali la 18, hata kama nyumba si ya zamani: pima kwanza, kwa saa, kisha sanifu.